Usihesabu vichwa tu, omba na madaftari

Mzazi wa Buhongwa, Mwanza, ameniandikia wiki hii. Mwanawe anaanza darasa la kwanza Januari. Shule ya serikali iko hatua chache kutoka kwake lakini imejaa. Ya binafsi iko upande wa Buswelu, nao wanajinadi kwa darasa la watoto 28. Ampeleke wapi?

Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na 25 kwa awali. Tangu elimu bila ada ianze 2016, shule nyingi za mjini zimekipita kiwango hicho mbali. Sasa piga hesabu: kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mkondo, yaani darasa la kwanza A au B, ukiwa na watoto 90, kila mmoja anapata sekunde 20, na hapo mwalimu hajafuta ubao. Madaftari 90 kwa dakika moja moja ni saa moja na nusu, tena kwa somo moja. Kinachoumia mapema ni kuandika. Mtoto anayegeuza b kuwa d asiposahihishwa mwezi wa kwanza, mkono unazoea.

Nenda ukaone kwa macho yako, lakini si Januari, maana uandikishaji unakuwa haujatulia. Nenda Machi ya mwaka kabla mwanao hajaanza, siku ya kazi. Usiulize shule ina wanafunzi wangapi. Uliza mkondo mmoja wa darasa la kwanza una watoto wangapi, na kama wanaingia kwa awamu. Tazama dawati: limetengenezwa kwa watoto watatu. Wakibanana watano, wa pembeni anaandikia hewani. Tazama na juu. Bati lisilo na dari mvua ya masika ikilipiga, walioko nyuma hawasikii kitu, na darasa likiwa refu hao ndio wengi.

Haya, hiyo ya watoto 28. Wako 28 kwa sababu shule imeweka ukomo, au kwa sababu wengine wamehamishwa? Uliza darasa la tatu lina wangapi, na limefundishwa na walimu wangapi tangu mwaka uanze. Kwa maoni yangu, watoto 60 wenye mwalimu aliyetulia wana nafuu kuliko 28 waliobadilishiwa walimu watatu. Halafu kuna basi. Kutoka Buhongwa hadi Buswelu, likizunguka kuokota watoto mtaa kwa mtaa, mwanao ataamka saa kumi na moja alfajiri na kusinzia kipindi cha kwanza. Hili wazazi hulipuuza mno, wakishaona sare nzuri basi.

Kote kuwili, omba daftari lililotumika la mtoto yeyote wa darasa la kwanza, la miezi miwili nyuma. Ukikuta tiki moja kubwa imekatiza ukurasa mzima, na chini yake "kitadu" limepita bila kuguswa, hilo darasa halisahihishwi, hata wangekuwa 15.