Kabla Bunge la Texas Halijafunguliwa: Kwa Wanaoanza Kazi ya Ushawishi

Bunge la Texas hufanya mkutano wake wa kawaida mara moja tu katika miaka miwili, katika miaka ya namba witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari na kwa siku zisizozidi 140. Mkutano ujao, ambao ni wa 90, utafunguliwa Januari 12, 2027. Mgeni anayeajiriwa na kampuni ya ushawishi, yaani inayolipwa na wateja ili kuwashawishi wabunge, jijini Austin, makao makuu ya jimbo, huidhani tarehe hiyo kuwa ndiyo ya kuanza kazi, ilhali kwa wazoefu ni siku ambayo sehemu kubwa ya kazi inapaswa kuwa imekwisha. Katika kazi hiyo ya awali, ninaloliona gumu na la lazima kuliko yote ni kumpunguzia mteja orodha ya anayoyataka.

Hesabu yenyewe inalazimisha. Katika mkutano wa mwaka 2025 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, na iliyopitishwa na mabaraza yote mawili ilikuwa kama 1,200. Wawakilishi ni 150 na maseneta ni 31, mshahara wao ni dola 600 kwa mwezi pamoja na posho za vikao, na kwa hiyo wengi wao wana shughuli nyingine zinazowalisha. Siku 60 za kwanza hazina upigaji kura wa maana ndani ya ukumbi, kwa kuwa Katiba ya jimbo inazitenga kwa kuwasilisha miswada na kusikiliza hoja katika kamati, isipokuwa kwa mambo ambayo Gavana ameyatangaza kuwa ya dharura. Upande wa pili, mswada wa mwakilishi ambao haujasomwa mara ya pili katika Baraza la Wawakilishi kufikia siku ya 122 umekwisha. Ukitoa mwanzo na mwisho, inabaki miezi miwili hivi ambayo kila mtu katika jimbo anaigombania, na mteja aliyekuja na matakwa manane anapaswa kutoka ofisini kwenu na moja au mawili, akiwa ameelewa kwa nini yale mengine yanasubiri mwaka 2029.

Kazi hii ya kupunguza ifanyike Agosti na Septemba, si Desemba. Ninyi mliozoea siasa za Dodoma au Nairobi mtashangazwa na jambo moja: hapa hakuna miswada ya serikali. Hata Gavana hawezi kuwasilisha mswada, ni lazima amtafute mbunge wa kuubeba. Mteja wenu naye ni hivyo hivyo, na swali la nani atakayeubeba linapaswa kujibiwa kabla ya swali la mswada utasema nini. Ofisi ya mbunge huyo ndiyo inayopeleka ombi la uandishi kwa Texas Legislative Council, ofisi ya kuandika miswada, ambayo wanasheria wake hufanya kazi kwa maombi ya wabunge na hulemewa kadiri Januari inavyokaribia. Uwasilishaji wa mapema unaanza Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi mkuu wa Novemba, yaani Novemba 9, 2026. Msimuuzie mteja fahari ya kuwa na mswada wenye namba ndogo, kwani namba za mwanzo hutengwa kwa vipaumbele vya Spika, anayeongoza Baraza la Wawakilishi, na Naibu Gavana, anayeongoza Seneti, na nyingine zote ni foleni tu.

Uenyekiti wa kamati ni jambo la kukisia hadi mkutano uanze, kwa sababu Spika huchaguliwa siku ya kwanza na huteua kamati baadaye. Mwaka 2025 uteuzi wa Baraza la Wawakilishi ulitoka Februari. Kwa hiyo mpango unaomtegemea mwenyekiti mmoja si mpango.

Mtakapokwenda ofisini kwa mbunge, mara nyingi mtaketi na msaidizi wake, pengine kijana wa miaka 25 mwenye miswada mingi mezani. Mpeni karatasi moja, upande mmoja. Iseme ni kifungu gani cha sheria kinachobadilishwa, mabadiliko hayo yanawagusaje watu wa wilaya ya mbunge huyo, yatagharimu nini, na nani atakayeyapinga na kwa hoja gani. Hilo la mwisho ndilo wageni hulificha. Msaidizi atakutana na wapinzani hao kesho yake, na akigundua kuwa mlijua mkanyamaza, hatawapokea tena.

Kuna mambo ya kisheria ambayo hayana mjadala. Usajili wa mshawishi katika Tume ya Maadili ya Texas huisha Desemba 31 na ada yake ya kawaida ni dola 750. Malipo yanayotegemea mswada kupita au kuanguka yamepigwa marufuku, hata mteja akisisitiza kwamba ndivyo anavyowalipa mawakili wake. Wabunge hawaruhusiwi kupokea michango ya kisiasa kuanzia siku 30 kabla ya mkutano hadi siku 20 baada ya kufungwa, jambo linaloifanya wiki ya kwanza ya Desemba kuwa na hafla za kuchangisha fedha zinazochosha kuliko mkutano wenyewe.

Nusu ya kazi ni kuzuia. Mtu mmoja katika kampuni asome miswada mipya kila siku, kwa maana kifungu kinachomdhuru mteja wenu kinaweza kukaa ndani ya mswada ambao kichwa chake hakimhusu hata kidogo. Someni pia ufafanuzi rasmi wa mswada wenu unaotolewa na kamati, neno kwa neno, kwa kuwa katika Baraza la Wawakilishi kosa ndani ya waraka huo linaweza kuzusha hoja ya utaratibu na kuurudisha mswada kamatini wakati ambapo siku zimekwisha.

Mwisho ni mkataba. Mkutano utafungwa Mei 31, 2027, lakini Gavana atakuwa na siku 20 zaidi za kutumia kura yake ya turufu, yaani hadi Juni 20, na kampuni ambayo mkataba wake unaishia Mei humwacha mteja bila msemaji katika siku hizo.