Asiyenunua naye aingie

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: majengo makubwa ya maduka, zile moli zenye paa moja na viyoyozi, zikikimbiwa na wateja zifanyiwe nini? Naishi kaskazini mashariki mwa Ohio, Marekani, ambako swali hilo limeshajibiwa mara nyingi, na aghalabu vibaya. Jibu langu ni kwamba zipewe kazi yoyote ile, mradi mtu asiyenunua kitu aendelee kuwa na haki ya kuingia.

Karibu na Cleveland kuna kijiji kiitwacho North Randall. Mwaka 1976 ilifunguliwa pale Randall Park Mall, ikatangazwa kuwa kubwa kuliko zote duniani, na kijiji kikajivuna hadi kikachora mifuko miwili ya madukani kwenye nembo yake. Moli ikafungwa 2009, ikabomolewa, na tangu 2018 kiwanja kile ni ghala la Amazon. Sibezi ajira za pale. Watu zaidi ya elfu mbili walipata kazi, na kodi inaingia. Lakini huingii bila kitambulisho cha kazi, na jirani aliyezoea kwenda kukaa tu hana tena pa kukaa.

Kukaa tu ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani. Mama yangu alipokuja kutoka Tanga kututembelea, alifika katikati ya baridi, na daktari wake alikuwa amemsisitizia atembee kila siku kwa ajili ya sukari. Nje kulikuwa na barafu tupu. Nikawa nampeleka kwenye moli moja iliyokuwa bado hai, ambayo milango yake ilifunguliwa asubuhi kabla ya maduka. Humo wazee walikuwa wakizunguka wawili wawili kutoka pembe hii hadi ile, kwa mwendo wa kukaza, koti mkononi. Mama alijifunga khanga juu ya sweta akaingia katika mzunguko. Haikuchukua muda akapata mwenzake, mama wa Kimarekani wa rika lake. Hawakuelewana hata neno, lakini aliyewahi alimsubiri mwenziwe mlangoni. Hakununua hata peremende, na hakuna aliyemfukuza.

Aliyezibuni moli hizi alikuwa na nia hiyo hasa. Victor Gruen, msanifu majengo, alikuwa Myahudi wa Vienna aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938. Moli yake ya Southdale, iliyofunguliwa Oktoba 1956 huko Edina, Minnesota, ndiyo ya kwanza Marekani kufunikwa yote na kuwekewa hewa ya wastani mwaka mzima. Katikati alitengeneza uwanja wenye miti, mkahawa na tundu refu la ndege. Na mpango wake haukuishia kwenye maduka. Pembeni alitaka nyumba za kuishi, shule, hospitali, bustani na ziwa. Wenye fedha wakachukua maduka, hayo mengine wakayaacha. Uzeeni Gruen alizikana hadharani moli zilizoigwa kutoka kwake.

Kila nikizungumza habari hizi huambiwa kwamba kilichoziua ni kununua vitu kwa intaneti. Intaneti ilizikuta nyingi zimeshazidiwa. Dixie Square Mall ya Harvey, Illinois, ilifunguliwa 1966 ikafungwa 1978, zama ambazo hakuna aliyeota kununua viatu kwa simu. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 iliwaruhusu wenye majengo mapya ya biashara kukata uchakavu wake haraka haraka kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo kujenga jipya kukawa na faida kuliko kukarabati la zamani. Moli mpya ikajengwa mbele kidogo ya mji, ikaivua wateja ile ya nyuma. Juu ya hilo, kila moli iliegemea maduka mawili matatu makubwa, na mikataba mingi iliwaruhusu wapangaji wadogo kupunguza kodi ya pango au kuondoka pindi duka kubwa likifungwa. Sears, mojawapo ya maduka makubwa hayo, ilipofilisika mwaka 2018 ilikokota wengi. Wakenya wanalijua hilo tangu Nakumatt, kampuni yao ya supamaketi, ilipoporomoka.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Jackson, Mississippi. Jackson Mall ilifunguliwa 1970, halafu moli mpya zikaichukulia wateja, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa karibu tupu, katikati ya mtaa wa watu weusi wenye kipato kidogo. Dk. Aaron Shirley, daktari wa watoto, aliitazama akaona kile ambacho hospitali hutafuta kwa gharama kubwa: nafasi pana zisizohitaji kupanda ngazi na maegesho tele, tena mlangoni mwa wagonjwa wenyewe. Alishirikiana na kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, Chuo Kikuu cha Jackson State na Chuo cha Tougaloo, na katikati ya miaka hiyo jengo likawa mali ya taasisi isiyo ya kibiashara. Kliniki zikahamia kwenye vyumba vya maduka. Hapo hapo ukawekwa utafiti wa magonjwa ya moyo uliowaandikisha Wamarekani weusi zaidi ya 5,000. Mmiliki angekuwa mtu anayesaka faida ya haraka, sidhani kama zahanati ingepewa nafasi ile.

Shule pia zinaweza. Huko Burlington, Vermont, sumu iitwayo PCB iligunduliwa katika majengo ya sekondari mwaka 2020, na Machi 2021 wanafunzi wakaanza kusoma katika lililokuwa duka la Macy's. Walipanda darasani kwa ngazi za umeme, mabango ya nguo yakiwa bado ukutani, na maktaba ikawekwa palipouzwa vyombo vya kaure. Kuta hazikufika darini, kwa hiyo sauti ya mwalimu mmoja ilimfikia mwenziwe. Ilikuwa shule ya muda yenye kero zake, lakini watoto, wakiwemo wa familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili nyumbani, walirudi kukaa pamoja.

Nyumba za kuishi ni ngumu zaidi, kwani moli haina madirisha na mabomba yake hayakupangwa kwa familia, hivyo mara nyingi hubomolewa kwanza.

Ninalowaomba madiwani popote pale ni wanunue mapema. Chuo cha Austin, Texas, kiliichukua Highland Mall paa likiwa zima, na lililokuwa duka la JCPenney likawa ukumbi wa kusomea wenye kompyuta zaidi ya 600. Hapa kwetu Akron, Rolling Acres iliachwa miaka na miaka hadi theluji ikawa inaangukia ndani, juu ya ngazi za umeme. Jiji lilipokuja kuimiliki, hapakuwa na cha kuokoa. Ikabomolewa, na sasa napo pana ghala.

Msomaji wenu,
Akron, Ohio