Wafula ameweza kukasirika

Msomaji mmoja wa Mbale, hapa Uganda, kaniandikia. Mchana anauza vipuri vya bodaboda, usiku watoto wakishalala anaandika skripti za komiki na rafiki yake ndo anachora, hawauzi popote, ni starehe yao tu, wengine wanacheza bao wao wanafanya hiyo. Anauliza hivi: "Shikamoo Mwalimu. Hiki kitu nikiite katuni, komiki ama vibonzo? Na yale maandishi ninayompa mchoraji ni skripti au mswada? Kuna Mtanzania alinicheka. Nimekutumia na ukurasa mmoja uone."

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na kama ungeuliza tu bila kutuma ukurasa tungemalizana dakika mbili. Lakini umetuma, nikausoma, chai ikapoa.

Haya, swali kwanza. Katuni tumeichukua kwa Waingereza, nao waliichukua kwa Waitaliano, cartone, ile karatasi nene ambayo mchoraji alikuwa anajaribishia picha kabla ya kuipaka ukutani. Mambo ya kuwa picha ya kuwasuta wakubwa yalianza London mwaka 1843 kwenye jarida la Punch. Katoni ya oili iliyo hapo dukani kwako ni ndugu yake tumbo moja, na hata karatasi yenyewe, ingawa ilitufikia kwa njia ya Waarabu, ukiifuata nyuma utakuta babu yao wote ni Mgiriki. Basi. Picha moja gazetini ya kumsema waziri ni katuni, hapo hakuna ubishi. Hadithi ya fremu nyingi iite komiki, vijana wa Kampala wanaiita hivyo na hawatabadilika kwa ajili yangu. Vibonzo ni neno tamu sana, litumie ukishavuka mpaka wa Mutukula ukaingia Tanzania, huku utakaa nusu saa unalieleza. Mswada nao ni neno safi kuliko skripti, ni Kiarabu, asili yake weusi, yaani karatasi iliyotiwa weusi wa wino, shida ni kwamba hapa kwetu ukisema una mswada mtu anakuuliza umeletwa na mbunge gani. Andika skripti. Nimezeeka, vita vya skripti sipigani.

Vita ninavyopigana ni hivi hapa. Huu ndo ukurasa wako, sijagusa hata nukta:

FREMU 1: Tunaweza kuona Wafula ameweza kufika stendi ya teksi.
FREMU 2: Wafula ameweza kuangalia saa yake.
FREMU 3: Mwizi ameweza kuchukua begi la mama mmoja.
FREMU 4: Wafula ameweza kukasirika.

Fremu nne, kuweza tano! Ameweza kukasirika? Kwani alikuwa anajaribu tangu asubuhi inashindikana? Alifanya mazoezi? Na ile saa, ameweza kuiangalia, ina maana shingo ilikuwa na matatizo, sasa mimi msomaji nimeanza kumhurumia Wafula kwa shingo badala ya kumwangalia mwizi.

Najua umeitoa wapi. Sikulaumu sana. Juzi nipo kwa kinyozi, runinga iko juu ya kioo, habari za Kiswahili, binti kavaa vizuri, sauti nzuri, anasoma: watu watatu wameweza kufariki katika ajali iliyoweza kutokea alfajiri. Nikamwambia kinyozi zima mashine nisikie vizuri. Wameweza kufariki! Yaani watatu walifaulu, na wale majeruhi kule hospitali walijitahidi pia lakini wapi, alama hazikutosha, watarudia mwakani. Kinyozi anacheka, mimi nusu kichwa kimenyolewa, sicheki. Halafu ikaja ya polisi, polisi wameweza kuwasili saa moja baadaye, hapo angalau nikanyamaza kidogo, manake kwa barabara zile na foleni ile labda kweli waliweza.

Na hapo ndo utaona kazi yenyewe ya neno. Kuweza linataka kizuizi mbele yake, mlima, ugonjwa, deni, mlango uliofungwa. Mtu akipanda Rwenzori mpaka kilele cha Margherita, mita 5,109, barafu, matope, pumzi hakuna, huyo sema ameweza kufika, mpe haki yake. Mtu akipanda teksi ya Mbale mjini sema amefika. Tofauti ni hiyo tu, haihitaji digrii. Wazee wa pwani ndo wananichekesha zaidi, wao mtu akiumwa wanasema hawezi. Fulani yuko wapi? Yuko ndani, hawezi. Basi, umeelewa ni mgonjwa. Sasa hebu unganisha na yule binti wa runinga: mzee alikuwa hawezi, hawezi, wiki nzima hawezi, Ijumaa akaweza kufariki.

Nafikiri wanaosoma habari wanaona kitenzi kikiwa peke yake kama kimetoka uchi. Amefika, tu? Amesema, tu? Inaonekana fupi, si ya kiofisi, basi wanaivalisha koti. Tena tangu Baraza la Mawaziri lipitishe mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lazima shuleni, kila mtu anataka kusikika msomi, na koti limekuwa la bei nafuu. Sisi tuliokulia kambini, Kiswahili chetu watu wanakidharau, ati cha askari, ngeli zimevunjika, hii mtu, hii vitu, sawa, nakubali, mwalimu wangu wa sekondari alihangaika na mimi mpaka basi. Lakini afande hakuwahi kusema "mnaweza kuweza kulala chini". Alisema lala, na wewe ushalala, kokoto ziko mdomoni.

Na skripti ya komiki, mwanangu, iko karibu na afande kuliko na runinga. Ile si hadithi unayomsomea mtu, ni maagizo kwa mchoraji. Rafiki yako kakaa na penseli, fremu moja ni tukio moja lililosimama, sasa umemwandikia "ameweza kuchukua begi", achore nini? Begi likiwa bado begani kwa mama? Mkono ukiwa umelishika? Mwizi akiwa mbali anakimbia? Kuweza hakuchoreki. Hasira inachoreka, mkono unachoreka, uwezo hauna sura. Ndo maana nimeshika hapa na sitaachia. Najua wapo waandishi wanaompa mchoraji uhuru wote, Stan Lee kule Marekani miaka ya 1960 alikuwa anampa mchoraji muhtasari tu wa hadithi, picha zikirudi ndo anajaza maneno, hiyo ni njia na wewe ukipenda ifuate. Ila ukichagua kueleza fremu moja moja, eleza. Hiyo "tunaweza kuona" nayo itupe, kwenye picha kila kitu kinaonekana, ndo maana ya picha.

Nimeuandika upya, usikasirike (najua unaweza):

FREMU 1: Stendi ya teksi, mchana. Wafula anashuka, mguu mmoja bado ndani ya gari.
FREMU 2: Picha ya karibu. Mkono wa Wafula, saa ya bei rahisi, kioo kimepasuka. Saa nane.
FREMU 3: Nyuma yake mwizi kashika mkanda wa begi, mama kashika upande wa pili. Wanavutana.
FREMU 4: Uso wa Wafula, meno yamebana.

Mpe hiyo rafiki yako halafu uniambie kama atakupigia simu kuuliza. Kioo kilichopasuka nimekiongeza mimi, ukikichukia kitoe.

Sasa, sisemi ufute kila kuweza duniani. Yule mama akimwambia Wafula "mwanangu, utaweza kumkamata?" hiyo iache, hata usiiguse, hapo kuna mwizi mwenye mbio na Wafula mwenye kitambi, kizuizi kipo. Na mtu kuomba ruhusa, naweza kuingia, hiyo ni adabu. Ninayoitaka ife ni ile ya kupamba, ingawa kwa jinsi ninavyoisikia redioni asubuhi hadi jioni nadhani itanizika mimi kwanza, na siku hiyo watasema Mwalimu ameweza kuzikwa.

Kitu cha mwisho, hukuuliza. Kwenye barua umesema kwamba ukurasa wa pili wa stori mwizi anaruka mtoni, na kwenye mlio umeandika SPLASH. Kiswahili kinayo yake, kitu kikitumbukia majini ni CHUBWI. Iandike kubwa, itoke nje ya fremu, maji yamrukie Wafula.