2147483647 si namba ya mteja wako

Mkuu, umeuliza huyu mteja mwenye simu 2147483647 ni nani, mbona kajirudia kwenye orodha nzima ya duka lako na ukimpigia haiiti. Usihangaike kumtafuta. Mimi alinipotezea wiki nzima, nilipomtengenezea jamaa yangu wa vifaa vya ujenzi programu ya wadaiwa. Safu ya simu niliiweka INT, yaani aina ya namba kamili, nikijiambia simu si namba tu! Walioandikwa kwa 07 walipoteza sifuri ya mbele. Walioandikwa kwa 255 wote wakawa mtu mmoja, na ndio waliokuwa na madeni makubwa.

INT ya kawaida ina biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Moja inashika alama ya hasi au chanya, zinabaki 31. Zote zikiwa 1 umegonga ukuta: 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, ndiyo hiyo 2147483647. Simu ya tarakimu 12 haienei hapo, basi data besi kama MySQL, isipowekwa iwe kali ikatae namba isiyoenea, inaandika kikomo chenyewe na kunyamaza.

Ila namba yenyewe ni tamu, acha nikawie nayo kidogo. Ni namba tasa. Usidhani kila kipeo tasa kinaleta tasa: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, nayo ni 23 mara 89. Hii ya 31 aliithibitisha mwanahisabati Euler, mwaka 1772, kompyuta hakuna. Njia ya kawaida ni kuigawa kwa kila namba tasa mpaka ufikie kipeuo chake cha pili, 46,340 na ushee. Hizo ni maelfu. Yeye alionyesha kwamba kama ina kigawo tasa, ukikigawa hicho kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Mpaka 46,340 namba za namna hiyo ni 373 tu, na nyingi si tasa, unazitupa. Siku moja umeme umekatika nikajaribu kwa kalamu: 311, 1303, 1489... nikaishia hapo. Mzee yule alikuwa na subira ya ajabu.

Halafu namba yetu hii izidishe kwa 1,073,741,824, yaani 2 kwa kipeo cha 30. Unapata 2,305,843,008,139,952,128, na vigawo vyake vyote ukiacha yenyewe, ukivijumlisha, vinairudisha ileile, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3.

Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 nayo itaugonga ukuta huuhuu Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki.

Kwako wewe: badili safu iwe VARCHAR(15), yaani maandishi yasiyozidi herufi 15, leo hii. Simu zilizokwisha kugeuka hazirudi, hata ukibadili. Sisi tulirudi kwenye daftari la mikopo, tukaingiza moja moja.