Maswali na Majibu: Mchanga Ulioshikwa na Barafu ya Gesi

SWALI: Mhariri, kazi yangu ni kupima udongo kabla ya majengo kuinuliwa, na sehemu kubwa ya mwaka huwa Embakasi, ambako tunachimba udongo mweusi na kuutupa kabla ya msingi kuwekwa. Juzi kijana wangu alinionyesha picha ya barafu inayowaka moto, akaniambia kwamba hutoka chini ya bahari, ndani ya mchanga. Je, mchanga wenye barafu ya namna hiyo hubeba mzigo kuliko mchanga mtupu? Na gesi ikishaondolewa, kinachobaki kina nguvu gani? – Mpima udongo, Embakasi.

JIBU: Ndugu yetu wa Embakasi, kitu ulichoonyeshwa huitwa haidreti ya gesi. Ni maji yaliyoganda kwa mpangilio usio wa barafu tuijuayo: molekuli za maji hujifunga zikafanya matundu, mfano wa matundu ya kuku, na ndani ya karibu kila tundu hukaa molekuli moja ya gesi, ambayo chini ya bahari mara nyingi huwa methani. Matundu hayo hudumu palipo na baridi na shinikizo kubwa tu. Kwenye nyuzi 4 za selsiasi huhitajika takriban megapaskali 4, yaani uzito wa maji yenye kina cha meta 400 hivi. Yakivunjika, meta moja ya ujazo ya haidreti hutoa karibu meta za ujazo 164 za gesi, zikipimwa katika hewa ya kawaida, pamoja na meta za ujazo 0.8 za maji.

Kuhusu nguvu, mchanga wenye haidreti huushinda mchanga mtupu, lakini tofauti hiyo hutegemea mahali haidreti ilipokaa kuliko wingi wake. Ikiwa imeganda pale chembe zinapogusana, hufanya kazi ya saruji, na hata kiasi kidogo huufanya mchanga kuwa mgumu mara moja. Ikiwa inaelea katikati ya nafasi zilizo kati ya chembe, mchanga hauhisi lolote mpaka haidreti ijaze kati ya asilimia 25 na 40 ya nafasi hizo. Hapo ndipo inapoanza kuwa sehemu ya kiunzi na kubeba mzigo pamoja na chembe. Kwa lugha ya kazi yako, kinachopanda zaidi ni mshikamano, yaani jinsi chembe zinavyonatana, ilhali pembe ya msuguano, kipimo cha jinsi chembe zinavyokwaruzana, hubadilika kidogo tu. Tena, unapousukuma mchanga huo mpaka ukatike, chembe hushindwa kuzunguka kwa urahisi, hupandana, na donge zima hutanuka. Nguvu hufika kilele, kisha huanguka ghafla viunganishi vinapovunjika. Mchanga mtupu uliolegea hauna kilele hicho. Usidhani vilevile kwamba haidreti ni barafu dhaifu yenye gesi ndani yake: ikiwekewa mzigo wa kudumu, haidreti safi ya methani hustahimili kubonyea polepole zaidi ya mara 20 kuliko barafu ya maji.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo linalowanyima usingizi wahandisi. Njia inayopendelewa ya kuvuna gesi ni kupunguza shinikizo la maji kisimani mpaka haidreti ivunjike yenyewe. Wewe unajua kanuni ya Terzaghi, mhandisi wa udongo: mzigo wa juu haubadiliki, kwa hiyo kila kiasi cha shinikizo kinachoondolewa kwenye maji huhamia kwenye chembe. Japani ilipojaribu jambo hilo mwaka 2013 katika bonde la bahari la Nankai, mahali penye maji ya kina cha takriban meta 1,000, shinikizo lilishushwa kutoka karibu megapaskali 13 hadi karibu 5. Megapaskali 8 ni takriban mara 40 ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo, na uzito huo wote ukaangukia chembe za mchanga wakati uleule saruji yao ilipokuwa ikiyeyuka. Mchanga wa namna hiyo hujibana, na tabaka lililo juu yake linaweza kutitia. Jaribio lilitoa kama meta za ujazo 120,000 za gesi kwa siku 6, kisha likakatizwa kwa sababu mchanga ulikuwa ukiingia kisimani. Mwaka 2017 walirudi na visima viwili. Kimoja kikasumbuliwa tena na mchanga, kingine hakikusumbuliwa.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Haidreti ikivunjika kwa joto, na tope linaloizunguka likawa zito mno kupitisha gesi, shinikizo la ndani hupanda badala ya kushuka, chembe hupunguziwa mgusano, na udongo hupoteza uwezo wa kustahimili mkato ingawa mzigo wa juu ni uleule. Kinachopunguza kasi ya balaa ni kwamba kuvunjika kwa haidreti hunyonya joto, hivyo tabaka hujipoza na kujizuia kwa muda.

Ukitaka kulinganisha na udongo mweusi wa Embakasi, chunga. Udongo wako huvimba kwa sababu madini yake hunywa maji, na hupasuka wakati wa kiangazi kwa kuyapoteza. Katika mfinyanzi wa bahari, kama ule uliochimbwa mwaka 2006 katika bonde la Krishna-Godavari, pwani ya mashariki ya India, haidreti hukaa ndani ya nyufa kama mishipa na mabamba. Mishipa hiyo ikiyeyuka huacha maji mengi mahali pamoja, na mfinyanzi uliobaki huwa laini kuliko ulivyoonekana kabla.

SWALI: Kama haidreti huvunjika shinikizo likiondoka, wanaipimaje maabara? – Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi.

JIBU: Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kipande cha mashapo, yaani mchanga na tope lililotuama chini ya bahari, kwa chombo kinachofungwa kulekule chini ya bahari, kisha kukisafirisha, kukihamisha na kukibana kwenye mashine bila shinikizo kushuka hata mara moja. Ni kazi ya gharama kubwa na vipande hivyo ni vichache duniani. Ya pili ni kutengeneza haidreti ndani ya mchanga wa maabara, na hapa, mwanafunzi, uwe mkali unaposoma matokeo. Ukipuliza gesi nyingi kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, haidreti huganda kwenye migusano ya chembe na sampuli hutoka ngumu. Ukitumia maji mengi, huganda katikati ya nafasi na sampuli hutoka laini zaidi kwa kiasi kilekile cha haidreti. Baharini, mashapo kwa kawaida yamejaa maji. Mtu akikuonyesha jedwali la nguvu bila kusema alivyoitengeneza sampuli yake, jedwali hilo halikusaidii kukadiria sakafu ya bahari.

SWALI: Nimesikia kwamba haidreti ziliwahi kuangusha sakafu ya bahari na kuleta tsunami. Tuogope huku Mombasa? – Msomaji wa Eastleigh mwenye jamaa pwani.

JIBU: Unaongelea poromoko la Storegga, nje ya Norwei, lililotokea miaka 8,000 hivi iliyopita na kusukuma mawimbi hadi Uskoti. Zamani haidreti zililaumiwa moja kwa moja. Uchunguzi uliofanywa baadaye uliweka mbele mashapo yaliyoletwa na barafu na kurundikwa upesi juu ya mfinyanzi laini, na tetemeko kama kichochezi; haidreti huenda zilichangia tu. Kwa Mombasa, maji ambako jamaa zako huogelea na wavuvi hutega nyavu ni ya joto na ya kina kifupi mno, na haidreti ya methani haiwezi kudumu hapo.