Buibui za mama zaburura chini, ni uzee tu?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mamangu ana miaka 69, tuko Mkomani hapa Lamu. Mwaka jana aliteleza chooni akavunjika kifundo cha mkono, kikapona, lakini saa hii mgongo wamuuma, ameanza kuinama na buibui zake zote zaburura chini. Ana pumu na kwa miaka amekuwa akimeza predinisoloni. Majirani wasema ni uzee. Nimzidishie maziwa ama?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Sio uzee tu. Mtu akianguka akiwa amesimama tu, hakutoka mnazini wala darini, na mfupa ukavunjika, hapo mifupa yenyewe ishakuwa dhaifu, na ule mkono ndio ulikuwa wakati wa kumpima. Huko kufupika na kuinama yaweza kuwa pingili za mgongo zimebonyea kimyakimya, kwa hivyo apigwe eksirei ya mgongo, na mkipata rufaa apimwe uimara wa mifupa kwa mashine ya deksa, akipata alama (T-score) ya -2.5 au chini yake ndio ugonjwa wenyewe wa mifupa dhaifu, osteoporosisi. Pingili ikionekana imebonyea msingoje deksa, matibabu yaanze.

Predinisoloni nayo hula mifupa, lakini asiiache ghafla jamani, ni hatari, daktari ataangalia dozi.

Maziwa mpe, na dagaa wale wa kuliwa na mifupa yao, na apande juu darini akunje mikono ya nguo apate jua kidogo maana buibui na vichochoro vyetu havimwachii jua la kutosha. Ila chakula peke yake hakitoshi mfupa ukishavunjika. Wengi hupewa dawa ya kuimarisha mifupa, alendronati ya 70 mg, kidonge kimoja kwa wiki, na hapa ndipo watu huharibu: akimeze asubuhi tumbo tupu, gilasi nzima ya maji matupu, si chai wala kahawa, halafu asilale wala asile nusu saa, la sivyo kitamchoma koo.

Tena zile ngazi za nyumba za mawe, giza na mwinuko, wekeni taa na kamba ya kushika, chooni pasiwe na utelezi, na kila siku atembee kidogo.

Kabla ya kuanza dawa mwambieni daktari kama figo zina shida, na kama kuna jino la kung'oa ling'olewe kwanza.