Mandhari ya mchezo wa vita: nyumba isubiri, anza na kinachoziba macho

Wengi wanaoingia kwenye michezo ya vita ya mezani hapa Moshi, ile ya kusogeza vijisanamu vya askari juu ya meza iliyopambwa kama uwanja wa vita, huanza kwa kutengeneza nyumba ndogo. Wiki nzima inaishia kwenye nyumba moja yenye madirisha ya kufunguka, inawekwa katikati ya meza tupu, halafu pambano linaisha raundi ya pili kwa sababu kila askari anamwona kila askari na anaweza kumpiga. Kama ndiyo unaanza, nyumba isubiri. Tengeneza vitu vya kumfichia mtu: kilima, kichaka, ukuta mfupi, kichuguu. Viwe vingi, na usivipambe sana. Meza ikifunikwa kama robo yake hivi, watu wanaanza kuzunguka, kuviziana na kujiuliza kama wavuke uwazi au wasubiri.

Ubao wa chini haukusumbui. Plaiwudi au hadibodi huuzwa futi 8 kwa 4. Mwombe seremala aipige msumeno katikati mara moja tu, mnapata viwanja viwili vya futi 4 kwa 4, chako na cha mwenzako. Siku ya pambano kubwa mnaviunganisha. Chukua nyembamba, maana italala juu ya meza ya chakula.

Vilima vinatoka kwenye lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni na friji. Waulize wenye maduka ya vifaa vya umeme, kwao ni taka tu. Lakini ijue tabia yake kabla hujaigusa na chochote: petroli, thina, rangi nyingi za kopo la kupuliza na gundi ya mafundi viatu huiyeyusha hapo hapo. Gundi nyeupe ya mbao na rangi ya maji ya ukutani haziidhuru. Ukiikata kwa waya wa moto, katia uani penye upepo, moshi wake si wa kuvuta. Mimi napendelea kisu kikali na msasa.

Kandambili zilizochakaa ni kinyume kabisa. Hizo gundi ya viatu inazishika barabara, na soli moja ukiikata vipande vidogo vidogo unapata ukuta wa mawe ambao hata ukikanyagwa unarudi umbo lake. Kwa kuta sijaona kitu cha bure kinachozidi hapo.

Kilima kikate ngazi ngazi, hata kama mteremko laini unapendeza zaidi kwa macho. Vijisanamu vya kimo cha milimita 28 husimama juu ya visahani vyenye kipenyo cha milimita 25 au zaidi. Kwenye mteremko vinaserereka, vinaanguka, na rangi uliyoisotea inachubuka. Kila ngazi iwe na upana wa sentimita 4 angalau. Na hapa usisahau vidole: mchezaji lazima aweze kuingiza mkono na kumsogeza askari wake bila kubomoa nusu ya mlima.

Trei za mayai zina kazi mbili. Zichane vipande vidogo, vibandike kama matofali, au ziloweke, uzikande na gundi ya mbao na kuzifinyanga kuwa miamba na vichuguu. Ila wakati wa masika hazikauki upesi na zinaota ukungu, kwa hiyo kazi hiyo ifanye kiangazi. Boksi nalo ukilipaka upande mmoja tu linajikunja. Paka pande zote mbili. Gundi ya kupika kwa unga wa ngano ni rahisi kweli, lakini mende na panya wataifurahia kuliko wewe.

Nyasi ndefu ni kamba ya katani, iliyokatwa fupi na kusimamishwa kwenye tone la gundi. Majani ya chai yaliyotumika, yakikaushwa juani mpaka yakatike mkononi, yanakuwa majani yaliyoanguka msituni. Kwa mgunga, menya kipande cha waya wa umeme, sokota nyuzi zake za shaba kuwa shina, zitawanye juu kama matawi, kisha tandika juu yake vipande vyembamba vya dodoki. Unga wa mbao kwa seremala ni wa bure. Uchekeche, uchanganye na rangi ya kijani, uanike.

Sasa rangi, na hapa sibishani na mtu. Nunua kopo moja la rangi ya maji ya kahawia inayokaribia udongo wenu, na kila kitu kipite humo kwanza: ubao, kilima, ukuta, hata kitako cha mti. Ikikauka, chukua rangi hiyo hiyo uichanganye na nyeupe kidogo, ifute kwenye brashi mpaka ibaki karibu kavu, kisha pitisha juu juu ili ishike kwenye kingo peke yake. Vitu vilivyotoka kwenye friji, kandambili na trei vinaanza kufanana kama watoto wa tumbo moja. Mto nao upake kahawia, kisha vanishi ya kung'aa. Mito ya bluu iache kwenye ramani.

Ukishazoea, tengeneza meza yenye kisa. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipita kwetu hapa. Kahe, Machi 1916, inadai mto, vichaka vizito na reli ya Tanga. Longido ni ya kuvutia zaidi kwa mchezaji: tarehe 3 Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao Wahindi, lilipanda mlima usiku, kulipokucha likajikuta katikati ya risasi, na nyumbu waliobeba maji yake wakashambuliwa huko nyuma. Mlima wa ngazi tatu, mawe mengi, vichaka vichache, na njia ya nyumbu ukingoni mwa meza. Hapo hakuna nyumba hata moja.

Miti ifanye ya kuchomoka, kila mmoja kwenye kisahani chake, ili msitu uweze kuingiwa na askari. Itakusaidia pia njiani: ukipanda bodaboda na boksi la mandhari mapajani, mti uliogandishwa moja kwa moja kwenye kilima ndio unaovunjika kwanza. Vilima chini, kuta katikati, miti kwenye kopo lake la maziwa ya unga.